Mama Filamu Ana Kifua

Siku mashine mpya ya eksirei ilipofungwa, mganga mkuu alikata utepe, wafanyakazi wakapiga makofi, na Mama Filamu akabaki bila chumba.

Kwa miaka ishirini na minne kazi yake ilikuwa kusafisha filamu. Mpiga picha akishamaliza na mgonjwa, hupitisha kaseti kwenye kidirisha kidogo cha ukutani. Upande wa pili, ndani ya chumba cha giza chenye taa moja nyekundu, Mama Filamu huipokea, huchomoa filamu kwa kupapasa, huibana kwenye fremu ya chuma na kuichovya kwenye dawa ya kwanza huku akihesabu kimoyomoyo. Kisha husuuza, kisha dawa ya pili, kisha maji tena. Harufu ya dawa hizo, kali kama siki, ilimfuata mpaka nyumbani. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye naye alirudi jioni akinuka moshi wa bati, alizoea kusema kwamba katika nyumba yao hakuna wa kumcheka mwenzake.

Ukiuliza jina lake halisi pale hospitalini, wengi wangekuna kichwa. Alikuwa Mama Filamu, basi. Na kama kuna jambo moja ambalo kila mtu alilijua juu yake, ni kwamba alikuwa na kifua. Vifua vya mji mzima vilikuwa vimepita mikononi mwake, vya wenye nacho na vya wabeba mizigo, vya mashemeji na vya majirani wa ukuta mmoja, na haikutokea hata siku moja akasikika akisema fulani anaumwa hiki. Wauguzi wenye hamu ya kujua walimchokoza kwa methali: "Mama, mficha maradhi kilio humfichua." Naye huwajibu: "Mgonjwa asimfiche daktari. Mimi si daktari, na wewe unayeniuliza si mgonjwa." Mazungumzo huishia hapo.

Mashine mpya haikuhitaji dawa wala giza. Picha ilichomoza kwenye skrini kabla mgonjwa hajafunga vifungo vya shati. Chumba cha giza kikajazwa mifagio na ndoo, na Mama Filamu akateremshwa ngazi mpaka stoo ya filamu za zamani, chumba kirefu chenye rafu za chuma zilizosheheni bahasha za kaki mpaka darini. Alipewa kiti, daftari, na maagizo ya kuhakikisha panya na mchwa hawaingii. Ilibaki miaka saba astaafu.

"Wamenifanya mlinzi wa makaburi," alimwambia mumewe.

"Afadhali makaburi yako," mumewe alisema. "Hayapigi kelele."

Hakucheka. Mtu aliyezoea kuhitajika kila dakika kumi, ukimwambia akae tu, umemwonea.

Alikaa hivyo mwaka na miezi minne. Ndipo akaja mwanamke mwembamba aliyevaa raba, begi mgongoni, akisindikizwa na daktari wa magonjwa ya kifua. Daktari alimtambulisha kuwa ni mhadhiri wa chuo kikuu na mtafiti wa kompyuta.

"Ni daktari pia," aliongeza, "ila ukimwomba sindano hana."

Kuanzia siku hiyo hospitali nzima ikamwita Daktari Asiye na Sindano. Mama Filamu peke yake ndiye aliyemwita Mwalimu.

Mwalimu alisimama katikati ya rafu, akazungusha macho, akasema kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu cha thamani: "Mama, hizi zote ni za vifua?"

"Nusu yake. Zilizobaki ni mifupa na matumbo."

"Na unajua ipi iko wapi?"

Mama Filamu alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama anayajua majina ya wanawe.

Mwalimu alivuta kisanduku akakaa, akaeleza anachotaka. Katika zahanati nyingi, alisema, mashine za kupiga picha zipo, ila mtu wa kuzisoma hayupo. Picha ya mgonjwa husubiri wiki tatu, wakati mwingine mwezi, mpaka daktari wa vifua apate nafasi. Mwenye kifua kikuu, katika wiki hizo tatu, anaendelea kukohoa katikati ya wanawe. Yeye na wenzake walikuwa wanajaribu kuifundisha kompyuta kuzitazama picha na kusema: huyu msomeni kwanza, huyu anaweza kungoja. Kompyuta hufundishwa kama mtoto: unaionyesha maelfu ya picha, na kila picha unaiambia jibu lake, huyu alikuwa nacho, huyu hakuwa nacho, mpaka ianze kubagua yenyewe.

"Nahitaji filamu elfu nane," alisema. "Elfu nne za kliniki ya kifua, za watu waliothibitishwa kuumwa. Elfu nne za watu wazima wa afya, wale waliokuja kupimwa kwa ajili ya ajira."

"Na majina yao?"

"Majina hayatoki humu ndani. Hilo ndilo sharti la kamati ya maadili, na ndilo sharti langu."

"Yameandikwa kwenye filamu yenyewe, Mwalimu. Hayafutiki."

"Kwa hiyo tutayafunika. Wewe ndiye utakayeyafunika, kama utakubali."

Mama Filamu hakukubali papo hapo. Alitaka kwanza aonyeshwe. Mwalimu aliweka skana juu ya meza na kando yake kompyuta ambayo, kwa makusudi, haikuunganishwa na mtandao wowote. Akapitisha filamu moja ya majaribio, ikatokea kwenye skrini, naye akachora kisanduku cheusi juu ya jina.

"Na akija mjanja akakifunua hicho kisanduku?"

"Hakifunuki. Hatujaweka karatasi juu ya jina. Tumeyafuta madoa yote yaliyolijenga lile jina, tukaweka weusi mahali pake. Chini hakuna kitu."

"Jaribu kukifunua nikuone."

Mwalimu alijaribu njia tatu, Mama Filamu akiwa amemwinamia begani. Jina halikurudi. Alitaka pia kujua daftari la namba litakaa wapi, lile linaloonyesha namba gani ni filamu gani. Wakakubaliana likae kwenye kabati lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa daktari wa vifua, mmoja kwa Mama Filamu mwenyewe. Hapo ndipo aliposema, "Haya. Kesho tuanze."

Asikudanganye mtu kwamba kazi ya kompyuta ni ya kukaa kivulini tu. Katika wiki ya kwanza mkono wake ulikuwa mzito kwenye kipanya kama mkono wa mtu anayekamata mjusi. Kishale kilimkimbia. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa anafunika majina arobaini kwa siku, na akirudi nyumbani anasimulia habari za kompyuta mpaka mumewe anaomba apewe chumvi kwa mara ya tatu.

Filamu ya elfu mbili na kitu, asubuhi ya siku ya jua kali, aliitoa kwenye bahasha, akaiinua kwenye mwanga. Pembeni, kwa maandishi ya karani wa kliniki ya kifua, palikuwa na jina la dada yake.

Dada huyu walichangia mama na baba, alimtangulia kwa miaka sita. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na miaka kumi na tisa nyuma aliugua kifua kikuu, akameza dawa kwa miezi sita bila kukosa hata siku moja, akapona kabisa. Lakini kabla hajapona, habari zilikuwa zimeshasambaa. Wazazi waliacha kuleta vitambaa. Mwenye fremu ya duka jirani alihamisha benchi lake. Na dada akajiuliza ni nani aliyekuwa anajua, akajijibu mwenyewe: mtu aliyeiosha ile filamu.

"Ulimi hauna mfupa," alimwambia mdogo wake siku ile mlangoni, na hakusema zaidi. Tangu hapo wakawa watu wa kukutana kwenye misiba na harusi tu, wakipeana mkono kama wageni. Mama Filamu alikuwa ameapa kwa kila kitu kwamba hakusema, na kadiri alivyoapa ndivyo alivyoonekana ana hatia. Mwishowe aliacha kuapa. Ukweli wa nani aliyeitoa siri ile haujajulikana mpaka leo. Kliniki ilikuwa na dirisha linalotazama barabara, na barabara ina macho.

Aliirudisha filamu kwenye bahasha, akaiweka kando.

"Hii siwezi," alimwambia Mwalimu.

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Namjua mwenyewe. Siwezi kuifunika mpaka nimwombe."

"Mama, kamati imeshatoa ruhusa kwa filamu zote. Huna ulazima."

"Kamati haimjui dada yangu."

Basi. Jumamosi iliyofuata alipiga moyo konde akaenda. Dada yake alikuwa kwenye cherehani, miwani puani, akipinda upindo wa sketi. Alimkaribisha kiti kwa kidevu.

"Kuna msiba?" aliuliza.

"Hakuna, Dada. Nimekuja na ombi." Akaeleza yote, polepole: kompyuta, zahanati zisizo na madaktari, kisanduku cheusi, kufuli mbili. "Jina halitaonekana na mtu. Lakini nimeona nisiiguse kabla ya kukuuliza."

Cherehani ilikimbia mpaka mwisho wa upindo. Dada alikata uzi kwa meno.

"Hapana," alisema. "Kifua changu kimeshatembea mji huu vya kutosha. Kiache kipumzike."

"Sawa, Dada."

"Hukasiriki?"

"Ni kifua chako."

Akaaga, akaondoka. Njiani aliona uchungu, lakini pia alijiona mwepesi, na hakujua ni kwa nini. Bahasha ile akaitia kwenye kabati la kufuli mbili, na Mwalimu akatafuta filamu nyingine ya kujaza nafasi.

Mwezi wa kumi na moja tangu waanze, kazi iliisha. Kompyuta kubwa ya chuoni ikafundishwa kwa wiki mbili, kisha ikapewa picha elfu moja ambazo haijawahi kuziona. Mwalimu alishuka zile ngazi mbili mbili.

"Tisini na saba!" alisema akihema. "Mama, kati ya picha mia, imepatia tisini na saba. Kuna madaktari hawafiki huko!"

Daktari wa vifua alileta soda. Mwalimu aliandika makala, akaipeleka kwenye mkutano mkubwa wa watafiti, ikakubaliwa. Mama Filamu alifurahi kama mtu aliyemlea bibi harusi.

Siku chache baadaye Mwalimu alikuja kumwonyesha matunda ya kazi yake. Programu ile ilikuwa na namna ya kueleza imetazama wapi: ilipaka rangi nyekundu mahali palipoishawishi. Mwalimu alifungua picha ya mgonjwa. Doa jekundu lilikuwa juu, upande wa kushoto.

"Unaona? Kifua kikuu hupenda kukaa sehemu ya juu ya pafu. Imejifunza yenyewe!"

Mama Filamu alisogea. Akavaa miwani. Akasogea zaidi.

"Mwalimu, hapo si kwenye pafu. Hapo ni begani."

"Ni karibu tu. Rangi huwa inamwagika kidogo."

"Nionyeshe nyingine."

Ya pili, doa lilikuwa palepale. Ya tatu, palepale. Ya nne ilikuwa ya mtu ambaye ugonjwa wake Mama Filamu aliuona kwa macho yake bila msaada wa mtu, ukungu mweupe chini upande wa kulia. Doa jekundu halikuwa huko. Lilikuwa juu kushoto, begani, limetulia kama paka kwenye kizingiti.

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Visanduku vyangu."

"Vimefanya nini?"

"Karani wa kliniki ya kifua alikuwa anaweka jina juu kushoto. Sisi wa chumba cha kawaida, walikopigwa picha watu wa ajira, tulikuwa tunaweka chini kulia. Kila mtu na mazoea yake, miaka yote. Mimi nimefunika pale jina lilipo. Wagonjwa wote wana kisanduku juu. Wazima wote wana kisanduku chini."

Mwalimu aliirudisha picha ya kwanza, kisha ya pili.

"Inatazama visanduku," Mama Filamu alisema. "Haitazami mapafu."

"Labda si hivyo."

"Tuijaribu. Chukua yangu."

Filamu yake mwenyewe ilikuwemo katika zile za ajira, kifua cha binti aliyekuja kuomba kazi miaka ishirini na sita iliyopita, kisafi bila ukungu wowote. Mwalimu aliifungua, kisanduku kikiwa chini kulia. Programu ikasema: mzima. Kisha akaipitisha filamu yenyewe tena kwenye skana, akaweka kisanduku juu kushoto, akabonyeza.

Kifua kikuu. Uhakika: tisini na nane kwa mia.

Wakatazamana.

"Watu wote humu husema nina kifua," Mama Filamu alisema. "Sasa na kompyuta imekubali."

Mwalimu alianza kucheka, na kicheko kikageuka njiani kikawa kilio. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye rafu, raba zake zimeelekea dari. Mama Filamu alikaa naye, magoti yakilia.

"Ni mimi niliyeviweka," alisema. "Useme hivyo kwa wakubwa zako. Mimi miaka michache nastaafu, wewe ndiyo kwanza unaanza."

"Mama, uliweka mahali nilipokuambia uweke. Kuuliza kwa nini majina hayakai pamoja ilikuwa kazi yangu." Alijifuta kwa kiganja. "Makala imekubaliwa. Mkutano ni wiki tatu zijazo. Nikienda nikaisoma, nani atajua? Halafu nikirudi narekebisha polepole."

Alilisema akitazama sakafu, na Mama Filamu hakumlaumu. Njaa ya kufanikiwa nayo ni njaa. Lakini alimshika mkono.

"Mwanangu. Mtu wa kwanza atakayepimwa na kitu hiki huko zahanati hatakuwa na kisanduku popote. Kitamwambia nini?"

Mwalimu alinyanyuka. Alifungua picha ya mgonjwa ambaye hali yake ilikuwa mbaya wazi, akaondoa weusi wa juu kwa kuikata pembe, akabonyeza. Programu ikasema: mzima.

Barua ya kuiondoa makala aliiandika pale pale, juu ya meza ya stoo. Alipomaliza, alimsomea Mama Filamu. Aliandika kwamba kosa liligunduliwa na mtunza filamu wa hospitali.

Jioni ile Mama Filamu alimweleza mumewe, akijilaumu tangu mwanzo wa chakula mpaka mwisho. Mzee alimsikiliza, kisha akasema, "Mimi nikichomelea geti, nikagundua limepinda kabla halijamwangukia mtu, huwa nashukuru. Wewe unalia."

"Kazi ya mwaka mzima, mume wangu."

"Geti ni lile lile. Unakata pale palipopinda, unachomelea upya."

Na ndivyo ilivyokuwa. Walirudia picha zote. Safari hii hawakufunika jina tu. Walikata kingo zote nne za kila picha, mpaka kikabaki kifua kitupu bila pembe. Mama Filamu, sasa akiwa amegutuka, alikuwa anawinda alama nyingine. Ni yeye aliyesema fremu alizotumia kwa filamu za kliniki ya kifua zilikuwa na meno matatu na za chumba cha kawaida mawili, na kwamba matundu yake yanaonekana ukitazama vizuri. Ni yeye aliyejua kwamba mwaka fulani dawa ilikuwa hafifu na picha zote zikatoka za kijivu. Mwalimu aliandika kila neno. Baadaye alikiri kwamba chuoni walikuwa na watu saba wenye shahada, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia chumba cha giza.

Wakati wa kazi hiyo ya pili, adhuhuri moja, mlinzi alipiga simu kusema kuna mgeni. Dada yake aliingia akishika ukuta, kwa kuwa ngazi zilikuwa kali na magoti yake hayakuwa ya jana. Alitazama rafu, bahasha, skana, akaketi.

"Ndiyo humu?"

"Ndiyo humu, Dada. Maji?"

"Sitaki maji." Alikaa akikunja na kukunjua leso. "Tangu siku ile ulipokuja nimekuwa nikijiuliza kitu. Mtu aliyeweza kuitangaza siri yangu mji mzima, angekuja mpaka kwangu kuniomba ruhusa ya picha ambayo hata jina haitakuwa nalo?"

Mama Filamu alianza kupanga bahasha zilizokuwa zimeshapangwa. Aliogopa kuharibu.

"Na nilipokataa," dada aliendelea, "ukasema ni kifua changu. Ukaondoka. Hukunibembeleza. Nimekaa na neno hilo miezi tisa." Alipiga goti lake kwa leso. "Miaka kumi na tisa, mdogo wangu. Nimekuwa mjinga wa miaka kumi na tisa."

"Dada, acha."

"Siachi, bado sijamaliza. Iko wapi?"

Daktari wa vifua aliitwa aje na ufunguo wake, kabati likafunguliwa. Dada aliiinua filamu kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama muda mrefu. Hakuwahi kuiona. Wakati ule ilikwenda moja kwa moja kwa daktari.

"Huu weupe ndio ugonjwa?"

"Ndio huo."

"Mdogo hivi," alisema kwa mshangao. "Na ulivyonitesa." Akamkabidhi. "Iweke na wenzake. Lakini jina ulifute wewe, kwa mkono wako, nami nikiona."

Mama Filamu aliipitisha kwenye skana, akakata kingo, akamwonyesha. Dada alihakikisha mara mbili. Kisha wakapanda ngazi pamoja, taratibu, mmoja akisukuma na mwingine akilalamika, wakaenda kula. Nisikuongopee kwamba siku hiyo hiyo yote yalisahaulika. Bado kulikuwa na kimya cha ghafla, na mambo ambayo kila mmoja aliyazunguka kama shimo barabarani. Lakini walianza kutembeleana Jumapili, na dada akamshonea koti jipya la kazi, lenye mifuko mikubwa kupita kiasi.

Programu mpya ilipopimwa, ilipata themanini na moja. Hakuna aliyeleta soda. Mwalimu alikaa na namba ile kama mtu aliyeletewa mtoto asiyefanana na waliotarajia. Ila rangi nyekundu sasa ilikuwa inaangukia ndani ya mapafu, pale pale ambapo daktari wa vifua angeweka kidole chake. Wakaongeza filamu kutoka hospitali nyingine mbili, Mama Filamu akaenda kuwafundisha watunza stoo wa huko namna ya kuzikagua, na baada ya mwaka ikafika themanini na tisa. Makala iliandikwa upya, na sehemu yake ndefu kuliko zote ilieleza lile kosa, ili wengine wasiliangukie.

Kamati iliruhusu ijaribiwe katika zahanati tatu, kwa sharti kwamba haitoi hukumu. Inapanga foleni tu, na neno la mwisho ni la daktari. Picha zilitumwa kwake zikiwa zimefungwa kwa namba za siri, bila jina, na kila aliyezifungua aliacha alama ya saa na nafasi yake ya kazi. Mama Filamu ndiye aliyepewa jukumu la kuzikagua alama hizo kila Ijumaa. Muuguzi mmoja aliyeijua namba ya shemeji yake na kufungua picha yake kwa udadisi alipigiwa simu na kuongeleshwa kwa upole kwa dakika arobaini. Hakurudia.

Siku ya kwanza ya majaribio alikwenda na Mwalimu kwenye zahanati ya mbali kuliko zote, chumba kimoja cha eksirei chenye pazia la plastiki na feni inayolia. Mgonjwa wa kwanza alikuwa fundi mwashi, mtu mrefu mwenye saruji kwenye kucha, aliyekohoa akigeuzia uso ukutani kwa adabu. Picha ikapigwa. Programu ikazunguka, ikazunguka, ikaandika: asomwe leo.

Mwalimu aliuma midomo. Mpiga picha kijana wa zahanati alinyoosha mkono aitume.

"Subiri," Mama Filamu alisema. "Amesimama kombo. Bega limeziba pafu. Usimpelekee daktari picha ya kubahatisha."

Akaingia nyuma ya pazia yeye mwenyewe, akamshika yule fundi mabega kwa mikono miwili, akamnyoosha.

"Baba, hapo hapo. Kidevu juu. Usiogope, ni picha tu. Ikitoka ina kitu, dawa ipo na watu wanapona. Dada yangu alipona." Akarudi nyuma hatua mbili, akampa ishara kijana. "Vuta pumzi, Baba. Nyingi. Zishike."

Fundi alivuta, akashika. Mashine ikalia mlio mfupi.

"Haya, pumua."

Kabla ya saa kumi jioni jibu la daktari lilikuwa limefika, na yule fundi aliondoka na dawa za wiki mbili za kwanza ndani ya mfuko wa karatasi, akiuliza kama anaruhusiwa kwenda kazini kesho.